Mashindano ya dunia ya kelingi: mwaka 1959 nchi mbili tu, hiyo nayo ni dunia?

Mapokezi Korogwe

Wakuu, habari za usiku.

Nashika zamu ya usiku mapokezi kwenye gesti moja hapa Korogwe. Mabasi ya Arusha yakishapita hakuna kazi tena, tunabaki mimi, mlinzi, mpishi na televisheni. Juzi tukaangukia mchezo wa watu wanasukuma jiwe kwenye barafu, na wawili wanakimbia mbele yake na mafagio kama watoto waliosikia mama amefika getini. Kelingi, au curling kama inavyoandikwa. Tulicheka mpaka mlinzi akaacha lindo.

Sasa kulikuwa na mgeni, mzee wa Kikanada, anapita kuelekea Lushoto kutazama ndege. Yeye hakucheka. Akavuta kiti, akaagiza chai ya rangi, akatuambia huu mchezo una ubingwa wa dunia kila mwaka tangu 1959, na Canada wamelibeba kombe zaidi ya mara 30. Mpishi akamuuliza, mwaka huo wa kwanza zilikuwa nchi ngapi? Mzee akakohoa. Mbili. Sisi na Scotland.

Mpishi akapiga meza. "Hiyo ni Simba na Yanga, siyo dunia!"

Ubishi ukawa mkubwa, kreti ya soda ikawekwa. Mzee anasema mkubwa wa historia ya mchezo ni Richardson, makombe manne. Mpishi amepekua kwenye simu, anasema ni Edin wa Uswidi, saba. Na ya Richardson, anasema, mawili hayahesabiki, yalikuwa ya nchi mbili.

Mwenye kujua atusaidie. Nani alianzisha haya mashindano, na kwa nini yaliitwa ya dunia?

Kobe Hana Haraka

Huu ni mchezo au ni zamu ya usafi? Naweka kigoda hapa, nasubiri wajuzi.

LaBonte wa Regina

Mkuu wa Korogwe, umebisha hodi kwa mwenyewe. Mimi ni mtu wa Singida, niko Regina, jimbo la Saskatchewan, mwaka wa sita sasa. Jioni nasaidia kutengeneza barafu kwenye klabu ya kelingi. Jina langu la humu lina kisa chake, nitalifikia.

Kwanza kreti. Mpishi yuko sahihi kwa idadi: 1959 zilikuwa Scotland na Canada, basi. Na walioanzisha hawakuwa chama cha michezo, walikuwa wauza pombe. Chama cha watengenezaji wa wiski wa Scotland kilikuwa kinatafuta soko Amerika ya Kaskazini, wakaona watu wa kelingi ndio haohao ambao mchezo ukiisha hawaendi nyumbani, wanakaa mezani. Wakatoa kikombe, wakakiita Scotch Cup, wakamwalika bingwa wa Canada aje Scotland kupambana na bingwa wa kule. Ubingwa wa dunia umezaliwa kwenye tangazo la biashara. Wazee wa klabuni kwetu wanalisema hilo wakiwa na glasi mkononi, kwa hiyo tangazo lilifanya kazi.

Bingwa wa Canada mwaka ule alitoka hapahapa Regina. Ernie Richardson ndiye nahodha, na timu ilikuwa ya ukoo mtupu: yeye, mdogo wake Garnet ambaye kila mtu alimwita Sam, na binamu zao Arnold na Wes. Wote wanne jina moja mgongoni. Wakacheza mechi tano na timu ya Willie Young, wakashinda tano. Mwaka 1960 wakarudi, tano tena.

Kwa nini Waskoti walichapwa hivyo kwenye mchezo wao wenyewe? Wao walikuwa wanaleta jiwe taratibu, wanaliweka karibu na kitovu cha shabaha (yale maduara yaliyochorwa kwenye barafu), wanalilinda. Wakanada walikuja na mtindo wa kugonga: kila ukiweka jiwe, naja nalitoa. Ni kama unapanga vikombe vya wageni mezani, halafu kuna mtu anapita nyuma yako anavikumba kwa kiwiko.

Sasa hoja ya "dunia". Marekani waliingia 1961. Uswidi 1962. Norwei na Uswisi 1964, Ufaransa 1966, Ujerumani Magharibi 1967, ndipo zikafika nchi nane. Richardson alishinda 1959, 1960, 1962 na 1963. Kwa hiyo mpishi akikata mawili ya mwanzo, bado mzee ana mawili mkononi.

Lakini mimi nina mstari wangu, na huku wananichukia kwa sababu yake. Kwangu haya mashindano yalianza 1965, pale Perth, Scotland. Kabla ya hapo, miaka sita mfululizo, kombe liliondoka na Canada. Nahodha anabadilika, bendera haibadiliki. Mwaka huo akatokea Bud Somerville wa Superior, Wisconsin, akawapiga Wakanada wa Terry Braunstein. Kama unajua kabla ya kuondoka nyumbani kwamba Canada watashinda, hiyo ni safari ya kwenda kuchukua mzigo. Siku Canada walipofungwa ndipo wengine wote walipopata sababu ya kupanda ndege. Mwaka uliofuata, 1966, likaundwa na shirikisho la kimataifa la mchezo. Mimi naona mambo haya mawili yanafahamiana.

Hesabu ni Hesabu

LaBonte, umeeleza vizuri, lakini hapo kwenye 1965 nakukatalia.

AFCON ya kwanza, Khartoum 1957, zilikuwa timu tatu: Misri, Sudan, Ethiopia. Ethiopia wakafika fainali bila kugusa mpira. Ya 1959 zikawa tatu tena. Misri leo wanasema wana makombe saba, na mawili kati ya hayo ni hayohayo. Umewahi kusikia mtu akiwaambia Wamisri wana matano? Kombe la dunia la mpira lenyewe lilianza 1930 na timu 13, Waingereza wakagoma kwenda, na Uruguay bado wamevaa nyota yao.

Mashindano huanza siku yalipoanza. Mpishi alipe soda.

LaBonte wa Regina

Hesabu, hiyo ya AFCON imenikalisha. Nimeisoma nikiwa na tangi mgongoni nikasimama katikati ya barafu. (Na ya 1930 umeipiga bila kujua: ubingwa wa dunia wa kelingi wa wanaume siku hizi ni timu 13.)

Haya, nakubali kwenye karatasi ni 1959. Moyoni nabaki na 1965.

Kobe Hana Haraka

Tangi la nini mgongoni? Na hilo jina?

LaBonte wa Regina

Tangi ni la maji. Watu wanadhani barafu ya kelingi ni laini kama kioo. Ingekuwa laini, jiwe lingekwama nusu ya njia. Tunafanya hivi: maji ya moto yaliyochujwa madini yote yanaingia kwenye tangi lenye bomba na kichwa cha kunyunyizia, kama pampu ya dawa ya pamba ile ya kwetu. Unatembea kinyumenyume kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, karibu mita 45, mkono unapepea kushoto kulia, kushoto kulia. Matone yakigusa barafu yanaganda hapohapo, yanabaki vipele vidogo kama ngozi ya mtu aliyepigwa na baridi. Jiwe linapita juu ya vipele. Ukisimama sekunde moja zaidi mahali pamoja umeharibu, pale jiwe litapinda watakutafuta. Mara ya kwanza mkono wangu ulikuwa mzito upande mmoja, mabibi wa ligi ya asubuhi wakacheza na barafu yenye mlima.

Na wale wa mafagio hawapangusi uchafu. Wanasugua, uso wa barafu unapata joto kidogo, msuguano unapungua, jiwe linafika mbali zaidi na kupinda kwake kunapungua. Zamani Wakanada walitumia ufagio hasa, wa mabua ya aina fulani ya mtama, unapiga kelele tap tap tap ukumbi mzima. Leo ni brashi ya kitambaa.

Jina sasa.

Majira yangu ya pili hapa, ligi ya Jumanne ya wanaojifunza ilipungukiwa mtu, wakaniambia acha tangi njoo ufagie. Endi ya sita (endi ni mzunguko mmoja, mawe 16, nane kila timu), jiwe letu linakuja, nafagia kwa nguvu zote za ugali, kisigino changu kikagusa jiwe la wapinzani lililokuwa limetulia ndani ya duara. Likasogea upana wa kidole. Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto. Hakuna aliyeona. Nikakausha. Tukaandikiwa pointi mbili.

Baadaye tumekaa mezani, mzee mmoja wa timu ile nyingine akaniinamia sikioni: niliona. Wakuu, nilitamani nirudi ndani ya tangi. Kelingi haina refa anayekufuata na filimbi. Ukigusa jiwe unainua mkono unasema mwenyewe, na nahodha wa upande wa pili ndiye anaamua lirudishwe au libaki. Nikaanza kuomba radhi kwa Kiingereza cha kukatika. Akacheka, akanipiga begani, akasema, basi leo tumepata LaBonte wetu. Akanisimulia.

Mwaka ni 1972, Garmisch-Partenkirchen, Ujerumani Magharibi. Wiski walikuwa wameshajitoa baada ya 1967, na tangu 1968 mdhamini alikuwa shirika la ndege la Canada, kombe likaitwa Silver Broom, ufagio wa fedha. (Shirika la ndege linatoa ufagio! Walidumu nao mpaka 1985.) Fainali ni Canada ya Orest Meleschuk kutoka Winnipeg, jibaba la watu wakiliita Big O, dhidi ya Marekani ya Bob LaBonte, vijana wa North Dakota. Endi ya mwisho, Marekani 9, Canada 7. Meleschuk ana jiwe moja mkononi na anahitaji pointi mbili.

Akarusha. Likagonga jiwe la Marekani likalitoa, lakini lenyewe likaendelea kuteleza kidogo, kidogo, likasimama mahali ambapo macho hayaamui. La Canada ndilo la karibu na kitovu, au la Marekani lililobaki? Msaidizi wa LaBonte akaangalia akaashiria tumeshinda. LaBonte akaruka juu na ufagio wake kwa furaha. Kushuka, miguu ikakosa mahali pa kukaa, akaanguka chali, na mguu ukalipiga jiwe la Meleschuk.

Ukumbi kimya.

Hapo hakuna tena cha kupima kwa haki, jiwe limeshahama na aliyelihamisha ni mpinzani. Uamuzi ukaenda kwa Canada: pointi mbili, 9 kwa 9. Endi ya ziada Marekani ndio waliokuwa na faida ya jiwe la mwisho, na bado Canada wakapata moja. 10 kwa 9.

Mpaka leo wazee wanabishana kama lile jiwe lingehesabika bila ule mguu. Mimi nimeona picha zake mara nyingi kuliko picha za harusi yangu, sioni jibu.

Kilichofuata ndicho kilichotengeneza hadithi. Wakaanza kusema LaBonte amewalaani. 1973 mashindano yakaja hapa Regina, na Canada iliwakilishwa na timu ya Harvey Mazinke, ya hapahapa Regina. Nyumbani kwao, mbele ya majirani zao. Fainali wakapigwa na Kjell Oscarius wa Uswidi. Kuna mzee pale klabuni ukimtajia 1973 anaanza kutafuta kofia yake. 1974 wakachukua Marekani, ni Somerville yuleyule wa 1965. 1975 Uswisi, 1976 Marekani, 1977 Uswidi, 1978 Marekani tena, tena mbele ya watu wa Winnipeg, kwao Meleschuk. 1979 Norwei. Canada, waliokuwa wanakwenda kuchukua kombe kama mtu anayekwenda kuchukua shati kwa dobi, miaka saba mikavu. Aliyekata laana ni Rick Folk wa Saskatoon, mwaka 1980, Moncton. Saskatoon ni Saskatchewan pia, na usidhani hapa watakuacha usahau.

Ndiyo nikaitwa LaBonte. Siku hizi nikigusa jiwe nainua mikono yote miwili.

Dada wa Perth

Kaka LaBonte, salamu kutoka Perth hiyohiyo uliyoitaja, mimi mtu wa Likoni. Natunza wazee huku, na wazee wa huku kelingi ni kama bao kwa wazee wetu, wasipoizungumza siku nzima ujue wanaumwa.

Umeruka moja. Wewe wasema mashindano yalianza siku Canada walipofungwa, lakini waliowafunga 1965 si sisi. Huku wanakwambia yalianza 1967, hapahapa Perth, Chuck Hay alipolibeba. Ni Mskoti wa kwanza, baada ya miaka minane ya kuandaa karamu na kutazama wageni wakiondoka na sahani. Na alishindaje? Alijifunza ule mtindo wa Kikanada wa kugonga, akawarudishia wenyewe.

Na mawe je? Granaiti ya mawe ya mashindano hayo inatoka kisiwa kimoja kidogo cha huku, Ailsa Craig, kiko baharini hakikaliwi na mtu. Ukisimama pwani ya Ayrshire wakiona, kama andazi limewekwa juu ya maji.

Na wanaume mnavyosimulia utadhani wanawake hawakuwako. Ubingwa wa dunia wa wanawake ulianza 1979, miaka ishirini baadaye, nao pia hapa Perth. Waliochukua ni Waswisi wa Gaby Casanova. Kuanzia 1989 hadi 2004 wanaume na wanawake walicheza mji mmoja kwa wakati mmoja, halafu 2005 wakatenganishwa tena. Hawa Waswisi hawajaacha tabia: Silvana Tirinzoni amechukua 2019, 2021, 2022 na 2023, na ule mwaka uliorukwa si wake, ni wa korona.

Mwisho, kaka: 2025 ya wanaume yalichezwa Moose Jaw, si mbali na kwako. Nani alishinda vile?

LaBonte wa Regina

Dada, umenichoma kwa sindano ya moto.

Moose Jaw ni kama kilomita 70 kutoka hapa, nilikwenda. Tulikuwa wanne kwenye gari la mwenzangu wa kazini, Aprili lakini theluji bado pembeni mwa barabara. Fainali Scotland ya Bruce Mouat na Uswisi ya Yannick Schwaller, 5 kwa 4 Scotland. Canada waliondoka na shaba. Ukumbi mzima umevaa nyekundu na fainali haina Mkanada.

Nikwambie ukweli lakini, nusu ya muda sikutazama mechi. Nilikuwa natazama wale wa barafu kabla ya mchezo kuanza, wanavyotembea kinyumenyume. Mkono hautetereki. Yule mmoja alikuwa mtu mzima kuliko mimi na hakugeuka nyuma hata mara moja kuangalia anakwenda wapi. Nimerudi nikajaribu bila kugeuka, nikakumba ubao wa matokeo.

Kuhusu Edin, mpishi hajakosea: 2013, 2015, 2018, 2019, 2021, 2022, na la saba 2024 pale Schaffhausen, Uswisi. Nahodha mwingine wa kiume mwenye saba hakuna. Na ameyapata wakati timu ni 12 au 13 na kila mmoja anaweza kukuumiza. Ningekuwa hakimu ningesema mkubwa ni Edin, na mashindano yalianza 1959. Yaani kila mtu kapata nusu.

Mapokezi Korogwe

Wakuu, asanteni. Nimesoma yote kwa sauti jikoni. Mgeni ameshaondoka kwenda Lushoto lakini ameacha hela ya nusu kreti kabla hata hamjajibu. Alisema ile "mbili" ilimkaba koo tangu alipoitamka. Mpishi aliposikia AFCON ya timu tatu alinyamaza kidogo, akasema Misri ni suala lingine, halafu akatoa nusu yake.

Mlinzi ameshafungua ya kwanza, anauliza hilo jiwe lina kilo ngapi.

LaBonte wa Regina

Haliruhusiwi kuzidi kilo 19.96. Mwambie achote ndoo ya lita 20, amwage vijiko vitatu, ainyanyue kwa mkono mmoja.

Mapokezi Korogwe

Ameinyanyua. Sasa anauliza ufagio uko wapi.